Maji Kwanza, Taa Baadaye: Mhadhara kwa Wakazi Kuhusu Maandalizi ya Kaya

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, waheshimiwa wajumbe, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya kaya dhidi ya usumbufu wa kila siku: umeme kukatika, mabomba kukauka, mvua kubwa na mitandao kuzima. Nitayagusa yote kadiri muda utakavyoruhusu, lakini nitaanza na maji na nitakaa hapo, kwa sababu kila ninapouliza mtu amejiandaa vipi, hunitajia taa ya kuchaji, na nikimuuliza ndani ana maji ya siku ngapi, hukosa jibu. Gizani mtu hulala akaamka, ila mtoto anayeharisha katika nyumba isiyo na maji hawezi kusubiri mpaka asubuhi.

Wengi wenu mlikuwapo mwishoni mwa Oktoba 2022, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji letu la Dar es Salaam, ilipotangaza mgawo baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua kwa ukame, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia foleni za ndoo. Ninachosisitiza ni kwamba jiji letu hutegemea kwa sehemu kubwa mto huo mmoja, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mitambo hiyo husukuma maji kwa umeme. Gridi ya taifa ikipata hitilafu, kama ilivyotokea Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, mwenye kuwaza taa peke yake amewaza nusu ya tatizo. Tena umeme ukirudi, maji hayarudi saa ileile. Mabomba lazima yajae upya, na waliojenga miinukoni hupata mwisho.

Je, kiasi gani kinatosha? Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Kaya ya watu sita itahitaji lita 90 kwa siku, yaani lita 270 kwa siku tatu. Pipa moja la lita 200 na ndoo nne za lita 20 zinatosheleza hesabu hiyo.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba yeye amepanga chumba kimoja na pipa hana pa kuliweka. Huyo namjibu kwamba madumu matatu ya lita 20 yanaenea uvunguni mwa kitanda, na kwa watu wanne yanatoa lita 5 kwa kila mmoja kwa siku kwa siku tatu, kiasi kinachotosha kunywa na kupika. Dumu liwe lililobeba mafuta ya kula, lisiwe la dawa wala la mafuta ya mashine, na si lazima ununue yote kwa mkupuo. Mwingine atasema kuna kisima kwa jirani. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelisema katika mikutano mingi na nitaendelea kulisema. Niliingia katika nyumba moja ya wapangaji kule Manzese, nikaonyeshwa pipa uani, limejaa hadi ukingoni, na mama mwenye pipa alijivunia, kwa haki kabisa. Juu yake palikuwa na kipande cha ubao kilichofunika nusu ya mdomo, na kikombe cha plastiki kilikuwa kinaelea ndani. Nilipoinama nikaona viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka. Nikamuuliza mbona pipa liko wazi, akanijibu kwamba hulifunika usiku, mbu wanapotoka.

Ndugu zangu, mbu anayeeneza homa ya dengi huuma mchana, na huzaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa majumbani. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na tukiweka akiba ya maji bila kuifunika tunamfugia mbu huyo. Katika joto letu, yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya takriban wiki moja. Zaidi ya hayo, mayai hugandamana ukutani mwa pipa juu kidogo ya usawa wa maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Kila wiki pipa lisuguliwe ukutani kwa brashi na sabuni, kisha lifunikwe kwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli kuzunguka mdomo, na mfuniko uwekwe juu ya kitambaa hicho.

Kikombe nacho kisibaki ndani ya pipa, kwa maana mikono ya kila mtu huingia pamoja nacho, na kipindupindu hupita njia hiyohiyo. Fungeni koki chini ya pipa au tumieni kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani. Maji ya kunywa yawe katika chombo chake chenye mfuniko, nayo yachemshwe. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Kuyaacha dakika kumi ni kuunguza mkaa bure. Yakiwa na tope, yatulie kwanza na yachujwe kwa kitambaa safi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi yaliyobaki nayapitia upesi. Namba ya mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ukutani, na umeme ununuliwe kabla haujafikia kuisha. Weka fedha taslimu za noti ndogo ndani, maana tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya mawasiliano ya baharini ilipokatika, intaneti ilizorota nchini, na hitilafu ya namna hiyo inaweza kukukuta simu ndiyo pochi yako pekee. Jiko la mkaa na jenereta visiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

Kwa wanaokaa karibu na Mto Msimbazi, vyeti na hati ziwe katika mfuko wa plastiki unaofungwa, utundikwe juu, na maji yakianza kuingia zimeni swichi kuu mkiwa bado mmesimama pakavu. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114. Kuhusu mitungi ya gesi nilikuwa na maelezo marefu, lakini wenye maswali hayo wanifuate hapo nje chini ya mwembe, na waliokuja na madumu nitayakagua hukohuko.