Unda na uwashe kontena la Linux kwa amri za LXC

Habari zenu watazamaji wa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, na popote mlipo. Leo tunaweka Debian nzima, aina mojawapo ya Linux, ndani ya laptopu yenye Ubuntu, kwa terminali tu. Tutatumia LXC, programu ya kuendesha makontena, yaani mifumo ya Linux inayoishi kila mmoja peke yake ndani ya mashine moja. Makontena hutumia kerneli (kiini cha mfumo) ya mashine yako, kama wapangaji wenye milango tofauti chini ya paa moja. Ndiyo maana laptopu inayolemewa na mashine pepe mbili (kompyuta za kuigizwa, kila moja na kerneli yake) inaweza kubeba makontena kadhaa.

Anza hivi:

sudo apt install lxc

Sasa amri yenyewe. Hapa bando linaliwa, hakikisha linatosha:

sudo lxc-create -n ujiji -t download -- -d debian -r bookworm -a amd64

Tuisome taratibu. Baada ya -n ni jina la kontena. Mimi nimeliita ujiji. -t download ni kiolezo kinachoteremsha mfumo uliokwisha kutayarishwa. Vile vistari viwili vilivyosimama peke yake usiviruke kabisa: vigezo vya kabla yake ni vya lxc-create, vya baada yake vinakwenda kwenye kiolezo, yaani aina ya Linux, toleo (bookworm ni Debian 12) na aina ya prosesa.

Kontena limeundwa lakini halijawaka. Liwashe:

sudo lxc-start -n ujiji

Ikifanikiwa haisemi kitu, usidhani imegoma. Hakiki:

sudo lxc-ls --fancy

Ukiona RUNNING, tayari. Anwani ya IP isipoonekana, subiri sekunde chache urudie. Kisha ingia:

sudo lxc-attach -n ujiji

Umeingia kama root (msimamizi mkuu), bila nenosiri. Andika cat /etc/os-release, utajibiwa Debian 12. Andika uname -r, utaona kerneli ileile ya Ubuntu. Napenda sana kila anayejifunza aone majibu haya mawili kwa macho yake. Toka kwa exit. Kontena linaendelea kufanya kazi.

Ukitaka la pili, tafadhali usiteremshe tena. Wengi wetu tunajifunza kwa bando la simu. Zima la kwanza, ulinakili:

sudo lxc-stop -n ujiji
sudo lxc-copy -n ujiji -N kibirizi
sudo lxc-start -n kibirizi

Intaneti haikuhitajika. Fanyia majaribio yako yote kwenye kibirizi. Likiharibika, lizime, lifute, kisha unakili upya kutoka ujiji:

sudo lxc-stop -n kibirizi
sudo lxc-destroy -n kibirizi