Tulivyowatafuta mababu wa mume wangu kwenye korti za kaunti, North Carolina

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za mchana. Nimepewa nusu saa na watoto wameshaanza kukimbiakimbia huko nyuma kwa hiyo naingia moja kwa moja, maswali mnaniuliza hata katikati, msisubiri.

Nianze na mama mkwe wangu. Alipozaliwa binti yetu wa kwanza mi nikataka apewe jina la upande wa baba yake, nikamwambia mama nipe jina la bibi yako, akanipa. Nikauliza na bibi yake yeye je? Akanyamaza. Hakukasirika, alinyamaza tu, halafu akasema sisi hesabu yetu inaishia hapo. Sasa mi nimekulia Muheza kwenye nyumba ambayo mgeni akifika anaulizwa wewe wa nani, mama yako katoka wapi, anaulizwa mpaka lipatikane jina moja linalojulikana pande zote mbili ndo chai inaletwa. Ule ukimya wa mama uliniuma sana. Mume wangu ni Mmarekani mweusi wa hapahapa, kazaliwa Henderson, na hawa watu hawakusahau mababu zao kwa uzembe jamani, waliuzwa, baba huku mama kule mtoto kwingine, mdomo wa kusimulia ukakatwa. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi zenyewe waliandika wale waliokuwa wanawamiliki.

Hizo karatasi ziko wapi? Wengi wetu tukifika huku tunadhani Marekani kila kitu kiko Washington kwenye kompyuta moja. Hapana. Kaunti ni kama wilaya kwetu lakini ni wilaya inayotunza makaratasi yake yenyewe, North Carolina ina kaunti 100 na kila moja ina ofisi ya hati ambako utakuta mauziano ya ardhi, ndoa, vizazi, vifo, halafu kuna karani wa korti upande wa wosia na mirathi, na mafaili mengi ya zamani yamehamishiwa hifadhi ya nyaraka ya jimbo hapa Raleigh. Hakuna sehemu yenye faili lililoandikwa ukoo wa fulani. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza babu aliitwa nani, anza na aliishi wapi na mwaka gani, sababu karatasi inakaa na mahali.

Mi nilipoteza karibu mwaka mzima kwa kutojua hilo. Henderson iko kaunti ya Vance, nikawa nachimba Vance, nikirudi nyuma ya 1881 sikuti kitu, hata hati moja ya shamba hamna, nikaamini zimeungua. Kumbe Vance yenyewe ilizaliwa 1881! Waliikata kutoka Granville, Warren na Franklin. Watu hawakuhama, nyumba ni ileile, kisima ni kilekile, mpaka ndo ulihama, kwa hiyo karatasi za baba mtu ziko Oxford, mji wa hapahapa North Carolina, kwenye korti ya Granville na za mtoto ziko Henderson. Na Warren na Franklin nazo zilitokana na kaunti iliyoitwa Bute ambayo ilifutwa kabisa 1779. Kabla hujaenda korti yoyote tafuta kwanza ramani ya mipaka ya kaunti kwa miaka, hiyo tu itakuokolea safari nyingi.

Haya, twende nyuma hatua kwa hatua kama tulivyofanya sisi. Majina nayaacha, mawifi zangu hawajaniruhusu kuyasema hadharani na ni haki yao, huyu baba yake babu wa mume wangu ntamwita mzee tu. Mzee alifariki 1931. Jimbo hili lilianza kuandikisha vifo rasmi jimbo zima 1913, na hiyo fomu ya kifo inauliza jina la baba na jina la mama kabla hajaolewa, kwa hiyo mtu aliyekufa 1931 anaweza kukupa wazazi waliozaliwa utumwani. Lakini angalia nani alitoa taarifa. Kwa mzee alikuwa mkwe wake, mwanaume anayeishi mji mwingine, jina la baba kalijua, kwa mama kaandika hajui.

Ndo unaingia kwenye sensa. Ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950, waliifungua Aprili 2022 sababu sheria yao inasema zikae miaka 72. Unarudi 1940, 1930, mpaka 1900, halafu unakuta shimo, ile ya 1890 ilishika moto Washington 1921 na kilichobaki ni vipande vichache mno. Unaruka miaka 20. Ya 1880 ni tamu kwa kuwa ndo ya kwanza kuandika huyu ni mke, huyu mtoto, huyu mama mkwe. Halafu 1870. Hapo ndo ukuta. Ni sensa ya kwanza baada ya utumwa kufutwa kuwaandika wote kwa majina, ukirudi 1860 na 1850 watumwa wako kwenye orodha ya pembeni, chini ya jina la mmiliki, umri, jinsia, rangi, basi. Majina hamna. Mwanamke miaka 24. Mvulana miaka 3. Unatazama ukurasa mzima wa watu na huwezi kumwita hata mmoja.

Dada pale kauliza sasa mlivukaje. Tulivuka kwa senti 25.

Nieleze hapa polepole kidogo sababu ni karatasi ninayoipenda kuliko zote. Watumwa walikuwa wanaoana lakini kisheria ndoa zao hazikuhesabika, bwana akiamua kumuuza mmoja anauza. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikaisha 1865, Machi 1866 jimbo likatunga sheria kwamba waliokuwa wanaishi kama mke na mume utumwani waende kwa karani wa kaunti au kwa jaji mdogo wa eneo lao, watamke, waandikwe majina yao na wameishi pamoja tangu lini, karani analipwa senti 25. Fikirieni watu waliotoka utumwani mwaka jana tu, hela hamna, ardhi hamna, wanatembea kwa miguu mpaka mjini na senti 25 kwenda kusema huyu ni mke wangu. Si kaunti zote zimehifadhi hizo rejista, nyingi zimepotea, lakini za Granville zipo. Na wazazi wa mzee wamo. Mume, mke, na muda, miaka 9. Lile jina la mama ambalo mkwe alisema halijui, liko pale kwa wino wa 1866. Nilimpigia mume wangu simu niko kwenye kiti hapo hapo maktaba, nikashindwa kuongea, ikabidi nimtumie picha.

Kabla ya 1865 sasa unabadilisha njia, humtafuti tena babu yako, unatafuta ukoo wa waliokuwa wanammiliki, maana ye kwa sheria yao alikuwa mali na mali inafuatwa kwenye wosia, mirathi, mauziano na rehani. Na usidhani jina la ukoo litakwambia, watu wengi walipopata uhuru hawakuchukua jina la bwana wa mwisho, wengine walichukua la bwana wa zamani zaidi, wengine la baba, wengine walijichagulia tu. Kilichotusaidia sisi ni majirani. Karani wa sensa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo waliofuatana kwenye ukurasa walikuwa majirani kweli. Nikachukua ukurasa wa 1870 wenye baba yake mzee, nikaandika kila mzungu mwenye ardhi nyumba kumi juu na kumi chini, nikaenda kusoma mirathi zao mmoja mmoja. Wa nne nikakuta faili la 1858.

Kwenye faili la mirathi kuna orodha ya mali za marehemu. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri sana, ng'ombe, mkokoteni, pipa la kutengenezea siagi, kitanda na godoro lake, halafu inaendelea na watu bila hata kuruka mstari. Jina, pembeni bei. Jina, pembeni bei. Kisha karatasi nyingine ya mgawanyo, wamewapanga watu kwenye mafungu yenye thamani inayolingana halafu warithi wanapiga kura ya bahati, fungu la kwanza kaenda nalo binti, la pili mtoto wa kiume. Kijana mmoja jina ni la baba yake mzee, umri unakubali, na mrithi aliyemchukua ndo yuleyule jirani wa 1870. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari muda mrefu. Nawaambia mapema ili anayetaka kuanza ajue, usiende siku hiyo peke yako kama unaweza.

Lakini pia nawaambia kwamba lile jina kwenye chati yetu nimeliandika kwa penseli mpaka leo. Umri na jirani vinaelekea, ila sijapata karatasi inayothibitisha kabisa, na mtu akiniambia yeye ana ukoo wake hapa mpaka 1700 bila kunionesha karatasi hata moja mi huwa nasikitika, maana mtoto wake ataurithi ule uongo na kuutetea.

Sasa watu. Haya yote nisingeyajua peke yangu. Kaunti nyingi zina vikundi vya watafiti wa nasaba, wengi ni wastaafu, wanakutana maktaba mara moja kwa mwezi, wameshatembea makaburi yote wakanakili majiwe, wanajua kitabu gani cha hati kimekosewa indeksi, yaani ile orodha ya majina ya kutafutia. Bibi mmoja wa kikundi hicho, ana miaka themanini na kitu, ndo aliyeniambia mwanangu Vance haikuwepo. Sentensi moja tu! Na ndo huyo alinifundisha kusoma indeksi za ardhi, kwamba kuna ya wauzaji na kuna ya wanunuzi ni vitabu viwili tofauti, ukitafuta kimoja umetafuta nusu. Na akanifundisha kuuliza. Usiende kwa watu hawa ukasema nataka ukoo wangu wote, sema namtafuta fulani, eneo fulani, kati ya mwaka huu na huu, nimeshaangalia hiki na hiki sijakuta, hapo mtu anajua akusaidie wapi. Na ukipata chochote rudisha, hata kama ni kaburi moja ulilopiga picha njiani.

Mwingine ni mama wa kizungu, kitukuu cha yule marehemu wa 1858. Tulikutana kwa imeili kwa sababu yeye naye anatafuta wa kwao. Nilichelewa kumjibu wiki tatu, sikujua niandike nini. Yeye ndo alianza, akasema nyumbani kwao kuna daftari la babu yake lenye majina ya watu wa shambani na tarehe za kuzaliwa, na kwamba anaona halikupaswa kukaa kabatini kwake miaka yote hii. Akaskani kurasa zote akanitumia. Hatujawa marafiki siwadanganyi, lakini lile daftari ndo lenye tarehe ya kuzaliwa ya mama wa mzee, na leo mama mkwe wangu anaijua.

Kuna baba pale kauliza kama lazima uende mwenyewe wakati siku hizi kila kitu kiko onlaini. Baba, nyingi ziko, FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, ni bure na wameshaskani filamu zao zote za zamani, ila nyingi ni picha tu hazijaingizwa majina yote, inabidi ufungue ukurasa kwa ukurasa kama kitabu. Na tahajia msiing'ang'anie, karani aliandika alivyosikia, mzee wetu nimemkuta kaandikwa kwa namna tano. Halafu kuna ofisi moja ya kaunti, siitaji, nilifika nikaambiwa vitabu vya zamani havitolewi, nikarudi wiki mbili baadaye nimekuja na yule bibi wa kikundi, vikatolewa. Ndo maana nasema nendeni na mwenyeji.

Nilitaka kusahau, programu za mazishi. Kwa Wamarekani weusi kile kijitabu kina wasifu mzima, wazazi, ndugu waliotangulia, kanisa, na majimbo wanakoishi waliobaki. Mama mkwe alikuwa nazo sanduku zima chini ya kitanda. Na sisi je? Msiba ukiisha ule wasifu wa marehemu uliosomwa unaenda wapi? Unatupwa na maua. Juzi nimemwomba kaka yangu Muheza anipigie picha wa baba, hakuupata, na baba kafariki 2009 tu. Utunzeni huo wasifu jamani. Na kwetu nako kuna pa kwenda, kuna vitabu vya ubatizo vya makanisa, babu yangu mi alibatizwa Magila, na kuna vitabu vya wilaya ambavyo ma-DC wa Kiingereza waliandika koo na majumbe wa kila sehemu, viko hifadhi ya nyaraka Dar, pale Upanga. Ila hiyo ni mada nyingine, naona mwenyekiti ananionesha saa.

Jumanne naenda Warrenton, korti ya Warren, sababu daftari linaonesha mama wa mzee alinunuliwa kutoka upande ule na nataka kuona hati ya mauziano kama ilisajiliwa. Naondoka saa moja asubuhi, gari lina nafasi mbili, anayekuja abebe sweta sababu chumba cha vitabu kina baridi, na penseli.