Mwenye Ufunguo: Mhadhara juu ya filamu The Apartment

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Jioni hii nitazungumzia filamu moja tu: The Apartment ya Billy Wilder, iliyotoka Marekani mwaka 1960. Filamu nyingi za usaliti wa ndoa hutuwekea watu watatu, yaani mume, mke na hawara, kisha zikatuuliza nani ana makosa. Wilder alimweka katikati mtu wa nne, yule anayetoa chumba. Nadhani huyo wa nne ndiye anayetuhusu zaidi. Tuliomo ukumbini humu, huenda wengi wetu hatujawahi kumsaliti mwenzi wa ndoa. Lakini ni wangapi wanaoweza kusema hawajawahi kumtunzia siri mtu anayesaliti?

Kwa ambao hawajaiona: C. C. Baxter, aliyeigizwa na Jack Lemmon, ni karani wa kampuni kubwa ya bima jijini New York. Makao makuu ya kampuni yana wafanyakazi 31,259. Yeye anakaa ghorofa ya 19, meza namba 861, na mshahara wake ni dola 94.70 kwa wiki. Takwimu hizo anazitaja mwenyewe mwanzoni kabisa, kama mtu asiye na kingine cha kusema kujihusu. Ni kapera, amepanga nyumba karibu na bustani ya Central Park kwa dola 85 kwa mwezi. Wakubwa wanne wa ofisini, wote wenye wake zao, wanapokezana ufunguo wa nyumba hiyo ili wapate pa kukutana na wapenzi wao. Malipo yao ni maneno mazuri kwa mkuu wa utumishi, Bwana Sheldrake, ili kijana apandishwe cheo.

Msanifu wa mandhari ya filamu, Alexandre Trauner, alijenga ofisi ile kwa hila nzuri sana. Meza za nyuma ni ndogo kuliko za mbele, na kule mwisho wameketishwa watu wafupi, ili ukumbi uonekane hauna mwisho. Ukiona bahari ile ya meza unaanza kumwelewa Baxter. Kutoka pale kwenda juu kuna njia chache, na moja imefunguka mbele yake.

Sasa sikilizeni jambo lilivyoanza, maana hapa ndipo penye utajiri wa kisa hiki. Mtu mmoja wa ofisini alikuwa na dhifa mjini, akahitaji mahali pa kubadilishia nguo. Baxter akampa ufunguo. Ni hilo tu! Nani angekataa? Habari zikaenea, akaja mwingine na udhuru mwingine, hatimaye hapakuwa tena na haja ya udhuru. Hakuna siku Baxter aliyokaa akaamua kuwa kuwadi. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo mtu mwenye haya angeigomea. Tunapozungumzia kuporomoka kwa maadili huwa tunawaza shimo, na mtu anayesukumwa au anayejirusha. Wilder anatuonyesha kitu cha kweli zaidi: mtu mpole, asiyejua kusema hapana, ambaye wema wake umetumiwa mpaka ukageuka kuwa huduma ya uzinzi. Usiku wa baridi yeye amekaa nje kwenye benchi la bustani, akingoja wageni watoke kitandani mwake.

Wazo hilo Wilder alilipata kutoka filamu ya Uingereza ya mwaka 1945, Brief Encounter ya David Lean. Humo daktari mwenye mke na mama mwenye mume wanapendana, na siku moja wanakutana katika nyumba ya rafiki wa daktari. Rafiki anarudi ghafla, mwanamke anatoroka kwa ngazi za nyuma. Watazamaji walilia na wapenzi. Wilder alibaki akimfikiria yule rafiki, anayerudi na kulala katika kitanda ambacho bado kina joto la watu wengine. Ilibidi angoje miaka mingi kabla ya kulitumia wazo lake. Kanuni za Hays, yaani kanuni za maadili za filamu za Marekani, zilizopitishwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali tangu 1934, hazikuruhusu Hollywood iuonyeshe uzinzi waziwazi, wala kuupamba, wala kuuhalalisha. Kufikia 1960 zilikuwa zimelegea.

Turudi kwa Sheldrake. Anamwita Baxter ofisini kwake, na kijana anapanda juu akitarajia cheo. Kwanza anakaripiwa kama mwanafunzi: kuna ufunguo unaozunguka, kuna uozo. Baxter anatokwa jasho. Kisha bosi anafika kwenye shabaha: naye anautaka ufunguo huo, leo usiku. Anampa tiketi mbili za mchezo wa kuigiza, na cheo kinafuata. Baxter anatoka akiruka kwa furaha, anamwalika mwendesha lifti anayempenda, Fran Kubelik, aliyeigizwa na Shirley MacLaine. Anamngoja mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho. Fran hatokei. Yupo na Sheldrake, na ufunguo watakaoutumia ni ule ule.

Baadaye, kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisini, Fran anampa Baxter kioo chake kidogo ajitazame na kofia yake mpya. Kioo kimepasuka. Baxter anakijua, kwa sababu alikiokota nyumbani kwake na kukirudisha kwa Sheldrake kwa mikono yake mwenyewe. Hapigi kelele. Anasema tu kwamba kimevunjika, na Fran anajibu kwamba anakipenda hivyo hivyo, kinamwonyesha jinsi anavyojihisi. Sijui tukio jingine la sinema linalomwonyesha mtu bei ya biashara yake kwa maneno machache namna ile.

Usiku huo Sheldrake, ambaye hakununua zawadi, anampa Fran dola 100 akajinunulie kitu. Fran anaanza kuvua koti: kama ameshalipwa, basi. Bwana mkubwa anakimbilia garimoshi lake, kwa mke na watoto, na Fran anameza vidonge vya usingizi kitandani kwa Baxter. Anaokolewa na daktari jirani, Dreyfuss, ambaye kwa kelele anazosikia ukutani anaamini Baxter ndiye mhuni. Baxter haikanushi lawama hiyo. Daktari anamsihi awe mtu mwenye utu.

Mwishowe anakuwa. Sheldrake anapotaka ufunguo tena usiku wa mwaka mpya, Baxter anamwekea mezani ufunguo mwingine, ule wa choo cha wakubwa, kwa hiyo anaitupa kazi, mshahara na ofisi yenye jina lake mlangoni. Ninamheshimu kwa sababu amelipa kwa kitu anachokithamini kweli. Toba isiyogharimu cheo wala pesa huwa ni hotuba.

Filamu ilipata tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na ilistahili. Hata hivyo nina ugomvi nayo mmoja. Mke wa Sheldrake karibu hayupo. Habari anazipata kwa simu ya Bi Olsen, katibu muhtasi ambaye zamani alikuwa hawara wa bosi huyo huyo, na ambaye amefukuzwa kazi kwa kumweleza Fran ukweli. Olsen ametunza siri ile kwa miaka, kwenye meza iliyo nje ya mlango wa bosi, na anasema baada ya kuumizwa yeye. Sheldrake anafukuzwa nyumbani, na tunaambiwa hilo na Sheldrake mwenyewe, kwa namna ya mtu anayelalamikia usumbufu.

Baxter anampata Fran. Wanacheza karata, na mapenzi yanaachwa yasemwe kwa kugawa karata tu, nami nafurahi nao. Ila watu wote waliojua, yaani katibu, Baxter na Fran, hakuna hata mmoja anayemwendea yule mke kumwambia: tulijua, tukakaa kimya. Wilder hakuiandika sehemu hiyo, na mimi ningetaka kuiona kuliko ile ya karata.