Perejil: mwamba wa mita 250 kutoka pwani uliotaka kuzua vita

Haya, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo nimechagua kisiwa ambacho hakina mtu hata mmoja, Wahispania wanakiita Perejil, Wamoroko wanakiita Leila, kipo mlango bahari wa Gibraltar na kutoka pwani ya Moroko mpaka hapo ni kama mita 250 tu, yaani anayejua kuogelea anafika. Hekta 15 hivi za mawe na vichaka, na waliokuwa wanafaidi ni mbuzi wa kijiji cha ng'ambo. Na msiniletee Migingo hapa, Migingo kuna watu na kuna sangara, huku hakuna kitu.

Sasa tarehe 11 Julai 2002 askari wachache wa Moroko wakavuka, wakapiga hema, wakasimika bendera, serikali yao ikasema eti ni kituo cha kuzuia magendo na wahamiaji. Madrid ikawaka. Aznar ndo waziri mkuu, na uhusiano ulishachacha, maana balozi wa Moroko alishaitwa nyumbani tangu Oktoba 2001, basi na Uhispania ikamwita wa kwake, ikaleta manowari, afu alfajiri ya tarehe 17 makomando wakashuka kwa helikopta. Wakakuta nani? Wanamaji sita. Sita! Hakuna risasi iliyopigwa, wale jamaa wakachukuliwa mpaka Ceuta, mji wa Uhispania ulio pwani ya Afrika, wakakabidhiwa mpakani sikuhiyohiyo, bendera moja ikashuka nyingine ikapanda.

Mtauliza, nguvu zote hizo za nini? Bahari kubwa ya kuvua hupati, sheria ya bahari ya kimataifa ibara ya 121 inasema mwamba usioweza kukaliwa na watu hauna eneo la kiuchumi la baharini. Na makaratasi yenyewe ni vurugu tupu. Moroko inasema mkataba wa 1912, ule uliowapa Wahispania usimamizi wa kaskazini ya Moroko, haukukitaja kuwa ni mali ya Uhispania, kwahiyo uhuru ulipokuja 1956 kilirudi kwa mwenyewe. Uhispania nayo, na hapa ndo pananichekesha, ilipoandika sheria ya mamlaka ya ndani ya Ceuta mwaka 1995, kisiwa hakimo! Wenyewe wamekiacha nje, afu miaka saba baadae wanakipelekea makomando.

Mi naona jibu lipo kilomita kama 8 mashariki, nalo ni Ceuta yenyewe. Moroko inaidai Ceuta, inaidai na Melilla, mji mwingine wa namna hiyohiyo, humo kuna watu, kuna bandari. Madrid ilijisemea usipoziba ufa utajenga ukuta, wakizoea kusimika bendera kimyakimya kwenye mwamba kesho watahamia mjini.

Aliyewaamua ni Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, kwa simu tu, tarehe 20 wakakubaliana kila kitu kirudi kama kilivyokuwa kabla ya Julai, hakuna askari, hakuna bendera. Nani mwenye kisiwa? Hawakuandika.

Naam, swali la pale mbele, kwanini wasiende mahakamani. Swali zuri. Uhispania ikienda, jaji anafungua faili la pwani yote ile na Ceuta inaanza kujadiliwa, kitu ambacho haitaki hata kukisikia. Moroko nayo ikienda ikashindwa kwenye mwamba wa mbuzi, Ceuta itaidai kwa uso gani? Kwahiyo wote wawili wanaona bora wakiache hivohivo, na mbuzi waendelee.