Watoro wa Mose: Ngome ya Waafrika katika Vita vya 1740

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Vita vya Waingereza na Wahispania kule Amerika vikitajwa, wengi hufikiria manowari na maamiri. Leo nataka niwapeleke kwenye Mose, ngome ndogo ya udongo, kilomita tatu hivi kaskazini ya mji wa St. Augustine, Florida, uliokuwa wa Wahispania. Kuta zake zilikuwa za udongo, zimezungukwa na handaki, na ndani mlikuwa na vibanda vya makuti. Wenyeji wake walikuwa Waafrika waliotoroka mashamba ya Waingereza ya Carolina. Kiswahili kina neno lao, neno ambalo mwambao wa Kenya unalijua vizuri: watoro.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1693 Mfalme Carlos II wa Uhispania alitoa amri kwamba mtumwa atakayewakimbia Waingereza na kuingia dini ya Kikatoliki awe huru. Tusidanganyane, huruma haikuwa ndiyo sababu kuu. Mji huohuo wa St. Augustine ulikuwa na watumwa wake. Kila mtoro aliyevuka alimpunguzia Mwingereza mtu shambani na kumwongezea Mhispania askari.

Francisco Menéndez aliyajua hayo kwa mwili wake. Alikuwa Mmandinka, mtu wa Afrika Magharibi. Alitoroka Carolina, akafika Florida, na huko akauzwa tena. Mwaka 1726 akawa kapteni wa kikosi cha Waafrika, naye bado mtumwa. Aliandika maombi, akaandika tena, miaka ikapita. Mwaka 1738 gavana wa Florida, Manuel de Montiano, akakubali, watoro wakapewa uhuru na ardhi, ikajengwa Gracia Real de Santa Teresa de Mose, yaani Mose yetu. Nao wakaapa kumwaga damu yao hadi tone la mwisho.

Habari zilienea. Septemba 1739, kando ya Mto Stono huko South Carolina, watumwa kama ishirini walivunja duka la silaha wakashika njia ya kusini, kuelekea Florida, kwa ngoma, na wengine wakajiunga nao njiani. Wanamgambo wa Waingereza wakawafikia na kuwashinda kabla ya kufika mbali. Mwezi uliofuata Uingereza ikatangaza vita dhidi ya Uhispania.

Mwaka 1740 James Oglethorpe, kiongozi wa koloni la Waingereza la Georgia, akaizingira St. Augustine, manowari zikiziba bahari. Watu wa Mose wakahamia mjini, Waingereza wakaingia ngome yao. Mizinga ikapiga karibu mwezi mzima, lakini boma kuu la Castillo de San Marcos halikuvunjika. Lilijengwa kwa jiwe la kokina, yaani makombe madogo yaliyogandamana baharini kwa karne nyingi. Si jiwe gumu. Jiwe gumu hupasuka. Hili linabonyea, risasi ya mzinga inazama na kubaki humohumo.

Lakini jambo lililogeuza mambo lilikuwa Mose. Alfajiri ya Juni 26, askari 300 hivi walitoka mjini gizani, Wahispania, wenyeji wa asili wa Amerika na wanamgambo wa Menéndez wakiwa pamoja, wakawavamia Waingereza waliokuwa ndani. Fikirieni kwamba wale wa Mose walijua kila pembe ya handaki lile, kwa kuwa walilichimba wenyewe. Kanali John Palmer akauawa pamoja na makumi ya watu wake. Mwezi Julai vyakula vikafika kutoka Havana, manowari zikaondoka kwa kuhofia msimu wa vimbunga, Oglethorpe akaondoka.

Mwaka uliofuata Menéndez alikuwa baharini kwenye meli ya kushambulia meli za Waingereza, akakamatwa. Walipojua ni kapteni wa Mose, wakamfunga kwenye mzinga, wakamchapa viboko 200, wakampaka maji ya chumvi kwenye majeraha. Kisha wakamuuza Bahamas. Siwezi kupita hapo haraka, kwa sababu viboko vile vinatuambia Waingereza walikumbuka nini kuhusu vita ile. Mwaka 1759 anaonekana tena Mose, akiwa kiongozi wa kijiji.

Uhispania ikashindwa vita nyingine, ikaikabidhi Florida kwa Uingereza mwaka 1763. Watu wa Mose hawakungoja kuwa watumwa mara ya pili. Wakapanda meli, wakaenda Cuba, wakaacha vibanda vyao vya makuti na kuta za udongo.