Leso ya Mama Mkwe

MWANAISHA: Haya, karibuni tena. Ni mimi Mwanaisha, mtoto wa Mombasa aliyehamia South B, na hapa kando yangu yuko Mutiso, ambaye leo ameingia studio na gunia.

MUTISO: Gunia tupu, msikilizaji asije akadhani vingine. Naenda nalo Kitui, lirudi na maembe.

MWANAISHA: Hujapanda hata gari, ushaanza kuhesabu maembe! Na leo tunazungumzia zawadi.

MUTISO: Si ndio Desemba yenyewe? Pita pale Machakos Country Bus, ile tunayoiita kwa utani Machakos Airport. Godoro juu ya basi, sufuria mpya za Kamukunji, mikate imefungwa pamoja kwa kamba. Nauli imepanda, na bado hakuna anayetaka kufika ushago hivi hivi.

MWANAISHA: Mkono mtupu haulambwi.

MUTISO: Kwa nyanya yangu hata hausalimiwi.

MWANAISHA: Sasa tuanze na ile aibu yako. Uliahidi.

MUTISO: Niliahidi lini mimi? Haya. Mwaka niliooa, nikasema mama mkwe nimpelekee leso, kanga ile ya kujifunga. Nikaingia Biashara Street, nikaona moja nyekundu na nyeusi, ina michoro ya korosho kwenye pindo, nzuri kabisa. Nikalipa. Sikusoma.

MWANAISHA: Hukusoma jina! Jamani, leso ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maandishi. Kwetu Pwani mwanamke anasoma jina kwanza, rangi baadaye. Wengine wamegombana na majirani miaka kwa ajili ya jina la leso.

MUTISO: Mimi mtu wa Kitui nilidhani ni maneno ya kiwanda, kama yale ya kwenye gunia la saruji.

MWANAISHA: (anacheka) Lilisema nini?

MUTISO: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye."

MWANAISHA: Mutiso! Mwaka wa kwanza wa ndoa!

MUTISO: Na kwetu mama mkwe si mtu wa kuketi naye mkichekacheka. Kuna heshima yake, hata njiani mnapishana. Kwa hivyo leso aliipeleka mke wangu, mimi niko nje chini ya mwembe, mlango uko wazi. Naona mama anaipokea kwa mikono miwili. Anaifunua. Kimya. Na huyo ni mwalimu mstaafu, kusoma anajua. Mimi nikadhani rangi haikumpendeza, nikasema leo mbuzi wangu wa mahari watarudishwa. Halafu nasikia: "Rangi hii haichujuki. Mwambie ahsante sana."

MWANAISHA: Basi?

MUTISO: Basi. Kesho yake asubuhi akatoka nayo amejifunga, ameigeuza juu chini, jina lote amelikunjia kiunoni. Wageni wakaja, wakala, wakaondoka, hakuna aliyeliona. Mimi mwenyewe niliambiwa maana ya yale maneno baada ya sikukuu, tukiwa kwenye basi la kurudi Nairobi. Sikulala safari nzima.

MWANAISHA: Unaona, "kutoa ni moyo si utajiri" tumeimbiwa tangu utotoni. Kupokea nani anakufundisha, zaidi ya kuambiwa usitumie mkono wa kushoto? Mama yule angeguna tu, mguno mmoja, na wewe ungekumbuka mpaka leo.

MUTISO: Lakini huo si unafiki kidogo?

MWANAISHA: Amedanganya wapi? Hakusema jina ni zuri. Amesema rangi haichujuki. Imechujuka?

MUTISO: Hadi leo haijachujuka.

MWANAISHA: Basi. Ametafuta lililo kweli akalisema hilo. Mimi kinachoniudhi ni yule anayepokea huku anauliza, "Umenunua pesa ngapi? Ungenipitishia mimi Gikomba, ungepata mbili."

MUTISO: (anacheka) Huyo ni shangazi yangu. Halafu kuna wanaotaka ufungue papo hapo, mbele ya watu, huku simu imeshakuelekea usoni. Nyumbani kwetu zawadi unashukuru, unaiweka kando, unaifungua watu wakiondoka. Nyanya nilimpelekea blanketi zito. Mwaka uliofuata nalikuta juu ya kabati, bado liko ndani ya plastiki yake. Nikaumia roho. Nikasema hakulipenda.

MWANAISHA: Anaweka la wageni.

MUTISO: Usiku akalishusha, akanitandikia mimi. Yeye akajifunika lile kuukuu lenye tundu.

MWANAISHA: Ulilikataa?

MUTISO: Nilitaka. Akaniangalia hivi... nikalala.

MWANAISHA: Ulifanya vyema. Sasa tuje kwa simu, maana siku hizi zawadi nyingi zinapita huko. Tangu M-Pesa ianze 2007, mikono miwili imekwisha kazi. Mtu anatumiwa elfu moja, unajibiwa "nimeona."

MUTISO: "Nimeona"! Kama umemwonyesha ndege.

MWANAISHA: Piga simu hata dakika moja. Na wewe unayetuma, weka na ya kutolea. Mzee anatumiwa elfu moja kamili, anafika kwa wakala kijijini, anakatwa, anapata pungufu, na alishaipigia hesabu ya nyama.

MUTISO: Na uulize kwanza kama ana mkopo wa simu. Pesa ikiingia tu, mkopo unaimeza. Unampigia, "Mama, umenunua nyama?" Anasema ndiyo, asante sana, mwanangu. Hajanunua chochote, hataki kukuaibisha.

MWANAISHA: Hiyo inatokea sana. Mimi huwa nampa muuza nyama moja kwa moja. Jirani yangu naye hana mambo ya simu. Krismasi si sikukuu yangu, lakini kila tarehe 25 sahani ya chapati inagonga mlango. Na sahani hairudi tupu. Ikirudi ina mahamri, Idi naye anapata biriani. Miaka sita sasa. Sahani yenyewe sikumbuki tena ni ya nani.

MUTISO: Usirudishe haraka lakini. Ukimrudishia saa hiyo hiyo ni kama unalipa deni.

MWANAISHA: Kweli, mimi hungoja siku mbili tatu. Haya, mwaka huu mama mkwe unampelekea nini?

MUTISO: Sukari kilo nne na majani ya chai. Nikikumbuka Njaanuari na karo ya watoto, nimeishia hapo.

MWANAISHA: Leso je?

MUTISO: Sitaki kitu chenye maandishi.

MWANAISHA: Pakiti ya sukari ina maandishi.

MUTISO: Nimeisoma mbele na nyuma.