Sultani Kashikwa

SWALEH: Haya, twarekodi. Leo mada ni haki zako ukikamatwa, na nishaandika masomo matatu hapa. Ila dada Khadija, wayajua yalonipata Jumanne.

KHADIJA: Mtaa mzima wajua! Sultani.

SWALEH: Punda wangu, Sultani, kaingia ua wa jirani, miyaa imeanikwa ngoja ikauke isukwe mikeka, kaila yote, jirani akamfunga kwenye mnazi, simwachii mpaka ulipe. Namwambia mali yangu yalindwa na katiba ya Kenya, kifungu cha 40. Anijibu, mimi hiyo katiba siitambui, mimi nafuata komon loo, ile sheria ya Waingereza itokanayo na hukumu za majaji.

KHADIJA: Na ana hoja! Kwa Waingereza zamani mnyama akikuharibia kwako wamshika mpaka ulipwe.

SWALEH: Wenyewe waliifuta 1971.

KHADIJA: Sheria yetu ya Mahakama, kifungu cha 3, yaichukua komon loo ya Uingereza ilivyokuwa 12 Agosti 1897, kaka.

SWALEH: Isome yote basi! Yaanza katiba, halafu sheria zilizoandikwa, komon loo yaja pale ambapo hizo hazikufika, tena kwa kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu. Sasa ukiitupa katiba, komon loo yaingilia mlango upi?

KHADIJA: Na hiyo katiba iliingilia wapi? Nani alimuuliza mtu wa Mwambao 1963? Sultani aliachia, kwisha.

SWALEH: Hajaachia kitu, bado kafungwa mnazini.

KHADIJA: Wa Zanzibar bwana, alouachia Kenya Mwambao! (kicheko)

SWALEH: Aa, huyo. Huyo hakula miyaa ya mtu.

KHADIJA: Alikula zaidi.

SWALEH: Lakini 2010 tuliulizwa, Agosti 4, tukapiga kura.

KHADIJA: Ndiyo au hapana kwa kitabu kizima! Halafu kifungu cha 2 chasema uhalali wake haupingwi mahakamani. Kitu kinachojikataza kuulizwa mimi nakiuliza zaidi. Na habeas kopasi, mtu aletwe mbele ya jaji ajulikane kashikiwa nini, ilikuwako kabla ya hiyo katiba.

SWALEH: Ilikuwako, na miaka ya 80 watu wakiwekwa vizuizini bila kesi, ilimtoa nani? Leo kifungu cha 25 chasema haki hiyo haipunguzwi. Na wavuvi wetu, kesi ya bandari ya Lamu iloharibu uvuvi wao, Mahakama Kuu Malindi 2018 iliwaamulia shilingi bilioni 1.76, kwa katiba hiyohiyo.

KHADIJA: Iliwaamulia. Waulize walingoja kiasi gani baada ya hapo.

SWALEH: Hilo ni kosa la anayelipa, si la katiba.

KHADIJA: Haki isofika mkononi mimi siiiti haki.

SWALEH: Basi hata komon loo yako si haki.

KHADIJA: Sikubali.

SWALEH: Na mie sikubali. Yaani jirani asoma vitu kwa simu, kisha Sultani wangu alala nje...

KHADIJA: Tena Sultani! Muda umekwisha, boti ya Mokowe yaondoka.

SWALEH: Na masomo yangu? Angalau moja, kifungu cha 49, saa 24 uwe umefikishwa mahakamani, isipokuwa...

KHADIJA: Yatupe kwenye grupu. Zima bwana, nahodha hangoji mtu.